Askofu Sundkler na Daftari la Kanisa

Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Watu wengi hudhani ya kuwa neno hili lawahusu wenye maduka na wenye ng'ombe tu. Lakini sisi tufanyao kazi ya kufundisha twaona kwamba iko mali nyingine ipoteayo upesi kuliko fedha, nayo ni habari za watu waliotutangulia. Fedha ikipotea yaweza kutafutwa tena. Lakini mzee akifa na habari zake moyoni, hakuna soko ziuzwapo habari hizo.

Kanisa nalo lina mali ya namna hiyo. Kila kijiji chenye nyumba ya sala kina mtu aliyesali hapo kwanza, na mtu aliyemcheka, na mtu aliyempa chakula. Je, majina yao yameandikwa wapi? Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyelishika daftari hilo kwa ajili ya Kanisa la Afrika nzima. Mtu huyo ni Bengt Sundkler, mchungaji na profesa wa historia ya Kanisa, aliyekuwa pia askofu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili katika nchi ya Wahaya. Labda msomaji atauliza, "Mswidi aliyekaa Bukoba, kwenye ziwa la Viktoria, atuhusu nini sisi tukaao Mbebe, karibu na mto Songwe, katika pembe nyingine kabisa ya Tanzania?" Ni swali la haki, nasi twaomba msomaji avumilie kidogo, kwa kuwa mfano wa mtu huyu ulitufaa sana tulipopewa kazi ngumu katika kijiji chetu.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Wazee wa kanisa letu waliona kwamba wale wanaokumbuka mambo ya zamani wamebaki wachache, wakatuagiza sisi walimu tuandike habari za mwanzo wa ushirika wetu. Walitupa karatasi moja ya zamani yenye majina. Juu kabisa yalikuwa majina ya wamisionari, na chini yake majina tisa ya waumini wa kwanza, wote wanaume. Wakasema, "Haya ndiyo yaliyopo, yapangeni vizuri." Tuliisoma karatasi ile mara nyingi, na kila tulipoisoma tulijiuliza mambo mawili. La kwanza, je, wanaume hawa tisa hawakuwa na mama, wala wake, wala dada? La pili, wako wapi wale ambao kila mtu kijijini ajua ya kuwa walibatizwa pamoja nao, kisha wakatoka na kufuata kanisa jingine? Hapo ndipo tulipomkumbuka Sundkler, ambaye vitabu vyake tulikuwa tumevisoma kwa kuazima.

Bengt Sundkler alizaliwa tarehe 7 Mei mwaka wa 1909 katika jimbo la Västerbotten, kaskazini ya Uswidi, nchi ya misitu na theluji, ambako wakati wa baridi jua huonekana kwa saa chache tu. Alisoma katika chuo kikuu cha Uppsala, akawekwa kuwa mchungaji mwaka wa 1936, na mwaka wa 1937 akapata shahada ya udaktari kwa kuandika historia ya chama kimoja cha misheni cha nchi yake. Basi tangu ujana wake alikuwa na kazi mbili mkononi, uchungaji na historia, naye hakuacha hata moja mpaka kufa kwake.

Kisha yeye na mkewe wakaenda Afrika ya Kusini, akawatumikia Wazulu mpaka mwaka wa 1942. Huko aliona jambo lililowashangaza wageni wengi. Aliona watu waliovaa kanzu nyeupe na kushika fimbo, wakibatiza mitoni, wakiwaombea wagonjwa, na kuwasikiliza manabii waliotokea kati yao wenyewe. Makanisa ya namna hiyo yalikuwa mamia, na kila mwaka yalizidi. Wazungu wengi waliyacheka, na wengine waliyaogopa. Sundkler hakucheka, bali alikwenda akaketi nao, akawauliza, akasikiliza mahubiri yao, akaandika hata ndoto walizomsimulia. Tena aliuliza kwa nini watu hawa walitoka katika makanisa ya misheni. Akaona ya kuwa sababu si moja. Mojawapo ilikuwa ubaguzi wa rangi, maana Mwafrika hakupewa nafasi ya kuongoza hata nyumbani mwa Mungu. Nyingine ilikuwa ardhi, kwa kuwa sheria ya mwaka wa 1913 iliwanyima Waafrika ruhusa ya kununua ardhi katika sehemu kubwa kabisa ya nchi yao wenyewe. Mtu aliyenyang'anywa shamba na heshima hutafuta mahali pa kuwa mtu, na wengi walipapata katika makanisa hayo.

Habari hizo alizichapisha mwaka wa 1948 katika kitabu kiitwacho Bantu Prophets in South Africa, kinachoeleza mambo ya manabii wa Kibantu wa nchi hiyo. Kitabu hicho kilimpa sifa katika nchi nyingi, na mpaka leo watu wa vyuo hukisoma. Lakini ndani yake aliweka hukumu moja kali. Alisema kwamba baadhi ya makanisa hayo ni kama daraja la kuwarudisha watu katika dini za zamani. Watu wengi waliipenda hukumu hiyo, wakaitumia kuwatukana wale waliotoka.

Twamsifu Sundkler kwa kitabu hicho, lakini twamsifu zaidi kwa mambo aliyoyafanya baadaye. Hakuilinda hukumu yake kwa sababu imemletea sifa. Alirudi kwa watu wale wale, akawasikiliza tena, na kitabu kilipochapishwa mara ya pili mwaka wa 1961 akaitengeneza hukumu yake. Mwaka wa 1976 akatoa kitabu kingine juu yao, kiitwacho Zulu Zion, naye humo asema juu yao kama mtu asemavyo juu ya ndugu, si kama mtu asemavyo juu ya wezi. Aliwaona kuwa ni Wakristo waliojitahidi kumfahamu Mungu kwa lugha yao na katika taabu zao. Ni watu wachache wenye elimu kubwa wawezao kufanya hivyo. Mtu akiisha kupewa cheo kwa ajili ya neno lake, ni vigumu sana alibadili neno lile.

Sasa tuje Bukoba. Vita ya mwaka wa 1939 ilipoanza, wamisionari Wajerumani waliokuwa katika Tanganyika waliondolewa katika kazi zao, na Kanisa la Uswidi likaombwa kusaidia mahali palipobaki patupu. Ndiyo sababu Sundkler alitoka kwa Wazulu akaja Bukoba mwaka wa 1942, akakaa huko mpaka mwaka wa 1945. Wahaya wana methali moja na Waswahili wote katika jambo hili: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu alipofika aligundua ya kuwa wenyeji hawakuwa wamekaa wakingoja kuponywa.

Maana Injili ya Kiprotestanti haikuletwa Bukoba na Mzungu kwanza. Iliingia kwa Wahaya waliokuwa wakienda Buganda kwa biashara na kwa kazi, wakajifunza kusoma huko, wakarudi na vitabu vyao. Walikusanyika nyumbani mwao, wakasoma na kusali, wala hapakuwa na mmisionari wa kuwaamuru. Wamisionari wa Bethel, waliotoka Ujerumani, walipofika mwaka wa 1910, walikuta moto umekwisha kuwashwa. Tena vita ya mwaka wa 1914 ilipowaondoa Wajerumani hao, Wakristo wenyeji walibaki na kazi yao mikononi. Na walipoondolewa mara ya pili, ikawa vivyo hivyo. Mambo hayo Sundkler aliyaandika katika kitabu kiitwacho Bara Bukoba, kilichotoka kwa Kiswidi mwaka wa 1974 na kwa Kiingereza mwaka wa 1980.

Mwaka wa 1949 alifanywa profesa katika chuo kikuu cha Uppsala, akafundisha historia ya Kanisa na ya misheni mpaka mwaka wa 1974. Mwaka wa 1960 alitoa kitabu juu ya kazi ya uchungaji katika Afrika, naye humo aliweka ndoto ambazo vijana waliosomea uchungaji walimweleza, jinsi walivyoitwa katika usingizi. Profesa mwingine angeziona ndoto hizo kuwa ni maneno ya usiku tu. Yeye alijua ya kuwa kama kijana ameacha ng'ombe wa baba yake na kwenda shuleni kwa sababu ya ndoto, basi ndoto hiyo ni sehemu ya historia.

Mwaka wa 1961, mwaka ule Tanganyika ilipopata uhuru, Wahaya wenyewe walimwita arudi awe askofu wao wa kwanza. Akakubali, akaiacha meza yake ya Uppsala kwa muda. Katika siku zake, mwaka wa 1963, makanisa saba ya Kilutheri yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na kanisa la Buhaya lilikuwa mojawapo. Lakini Sundkler hakukaa katika kiti kile mpaka uzee. Mwaka wa 1964 alimpisha Josiah Kibira, mwana wa nchi, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa mchungaji. Sisi walimu twapenda kulikumbuka jambo hilo! Kibira akawa askofu kwa miaka ishirini, na mwaka wa 1977, mkutano mkuu wa Walutheri wa dunia ulipokutana Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wao, Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo. Alifariki mwaka wa 1988. Naye pia aliandika kitabu juu ya Kanisa na ukoo, maana alijua kwamba kwetu mtu haingii kanisani peke yake. Ukoo wake wote humfuata au humvuta nyuma.

Sundkler alirudi Uswidi akaendelea kufundisha na kuandika. Katika uzee wake alishika kazi kubwa kuliko zote, yaani kuandika historia ya Kanisa katika bara zima la Afrika, tangu Misri ya kale mpaka siku zetu. Kifo kilimkuta tarehe 5 Aprili mwaka wa 1995 kabla kitabu hakijatoka. Mwenzake Christopher Steed akaimaliza kazi, na kitabu kikachapishwa Cambridge mwaka wa 2000, chenye kurasa zaidi ya elfu. Ndani ya kitabu hicho hutaona safu ya wamisionari tu wamepangwa kama askari. Utawaona wakimbizi, watumwa waliokombolewa, vijana waliokwenda migodini wakarudi na kitabu cha nyimbo katika mzigo, wanawake waliofundishana jikoni, na wafalme waliopima faida na hasara. Mmisionari yumo pia, tena kwa heshima yake, lakini ni mmoja tu kati ya wengi.

Sasa tutajibu swali la msomaji, kwamba habari hizi zatuhusu nini sisi. Tukizitazama habari za nchi yetu ya kusini twaona mfano ule ule. Wamoravian walifika Rungwe mwaka wa 1891, Theodor Meyer na wenzake, na kutoka huko kazi ikaenea mpaka Utengule, Mbozi na Isoko. Upande wa pili Waskoti wa Livingstonia walikuwa Karonga na Mwenzo, nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Vita ya mwaka wa 1914 ilipowaondoa Wajerumani, Waskoti hao waliangalia kazi yao mpaka walipoweza kurudi. Mambo hayo yameandikwa vizuri na Marcia Wright, mwanahistoria wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka wa 1971 juu ya misheni za Wajerumani katika Tanganyika. Lakini Mskoti mmoja hawezi kulala katika vijiji mia kwa usiku mmoja. Basi katika miaka hiyo ni nani aliyepiga kengele Jumapili? Ni nani aliyefundisha watoto herufi, na kuwazika wafu? Ni wenyeji, ambao wengi wao hawamo katika kitabu chochote.

Yuko mtu mwingine aliyetufundisha jambo hilo. Elise Kootz-Kretschmer, aliyekaa Utengule pamoja na mumewe mmisionari, aliandika maisha ya watu wa huku kama walivyoyasimulia wenyewe. Mmoja wao ni mwanamke aitwaye Narwimba, aliyechukuliwa utumwani na kuonja taabu za nchi hii iliyo kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, katika siku ambazo mwanamke asiye na mlinzi aliweza kuuzwa au kutolewa kulipa deni. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1993, Marcia Wright alizikusanya habari za wanawake wa namna hiyo katika kitabu kimoja. Kama mtu asingaliketi na Narwimba na kuandika maneno yake, leo hakuna ajuaye ya kuwa aliwahi kuishi.

Basi tuliichukua karatasi yetu yenye majina tisa, tukaenda kwa bibi mmoja wa kijiji, mwenye umri kupita wote, ambaye mama yake alikuwa katika siku za mwanzo. Tulimsalimu, tukaketi, tukamweleza haja yetu. Akatutazama, akasema, "Mwalimu, mmekuja kuniuliza habari za Wazungu au habari za watu?" Tukacheka, naye akacheka. Tukajibu, "Bibi, tumekuja kuuliza habari za watu." Akasema, "Basi kaeni vizuri."

Akatueleza kwamba neno la Mungu liliingia katika ukoo wao kwa njia ya mjomba wake aliyekwenda kutafuta kodi kwenye dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Alirudi na shilingi chache, blanketi moja, na kitabu cha nyimbo. Hakuwa mwalimu wala hakuwa amebatizwa. Alijua nyimbo tu, akaziimba jioni. Baadaye alipokuja mwalimu wa kwanza, mzee wa ukoo alikataa kumpa nyumba, akisema kwamba mtu huyo ataleta ugomvi na mizimu. Mama yake bibi ndiye aliyemwambia, "Lala jikoni kwangu, moto upo." Kwa hiyo shule ya kwanza ilikuwa jikoni. Mwalimu alichora herufi katika majivu, na yule mama alizifuta kila alipotaka kupika. Hata hivyo, kwa kuzifuta kila siku alizijua zote, akawahi kusoma kabla ya mumewe.

Tukamwonyesha bibi ile karatasi, tukamsomea majina tisa. Akayajua yote, na la saba lilikuwa la baba yake. Kisha akauliza, "Na hapo pameandikwa nani aliyeezeka kanisa?" Tukasema kwamba imeandikwa kuwa lilijengwa na wazee. Akasema, "Wazee walisimamisha miti. Nyasi za paa hazikujikata zenyewe, wala hazikujibeba kutoka bondeni." Neno hilo tuliliandika kama alivyolisema, nasi hatudhani kwamba profesa yeyote angaliweza kulisema vizuri zaidi.

Tulikwenda kwake mara mbili, tukajaza kurasa kumi na nne. Tulipokwenda mara ya tatu tulisikia kilio tangu mbali, tukajua. Tulisimama nje pamoja na waliokuwa wakichimba kaburi, na daftari lilikuwa katika mfuko wetu. Mjukuu wake mmoja alitufuata akauliza kama ni kweli tumeandika maneno ya bibi. Tukamsomea habari za jikoni na majivu. Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto, wala hajapata kuzisikia.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Katika miaka ya 1920 na ya 1930 makanisa yasiyo chini ya Wazungu yaliingia katika nchi zetu kutoka Unyasa, mengine yakiwapokea watu wenye wake wawili au watatu, ambao misheni iliwakataa mezani pa Bwana. Watu wengi walivuka kwenda kwao, na katika kijiji chetu pia. Tuliposoma mbele ya wazee kwamba twataka kuwaandika, mzee mmoja alisimama akasema, "Daftari la Kanisa si la waliokimbia. Mkiwaandika hao, mtawafundisha watoto kwamba kukimbia na kukaa ni sawa." Si neno la mpumbavu. Mzee huyo aliachwa na kaka yake kwa ajili ya jambo hilo, na kwa miaka mingi nyumba mbili za ndugu hazikula pamoja hata siku ya msiba.

Sisi hatukubishana naye, maana penye wazee hapaharibiki neno. Tuliomba ruhusa tu ya kusimulia habari za Sundkler: jinsi alivyowahukumu wale manabii wa Wazulu, na jinsi alivyorudi kuwasikiliza, akaona sababu zilizowatoa. Tukasema kwamba kuandika sababu ya mtu si kumsifu. Daktari aandikaye ugonjwa hausifu ugonjwa. Tena tukauliza: mtu mwenye wake wawili, aliyeambiwa amfukuze mmoja ili abatizwe, je, yule mke aliyefukuzwa na watoto wake walikwenda wapi? Kama katika daftari letu hatuandiki kwa nini watu walitoka, watoto wetu watadhani kwamba walitoka kwa uovu tu, nasi tutakuwa tumeandika uongo juu ya wafu, ambao hawawezi kujibu.

Baraza likakaa kimya muda. Kisha mzee mwingine, ambaye babu yake alikuwa mmoja wa waliotoka, akasema kwamba nyumbani kwao kipo kitabu cha nyimbo cha zamani, na katika ukurasa wa mwisho babu yake aliandika majina ya watoto wake kumi na moja wa wake wawili, na siku walizozaliwa. Akasema, "Hakukiacha kitabu alipotoka." Siku ya pili akakileta. Wazee wakakubali kwamba waliotoka waandikwe, pamoja na sababu zao, bila tusi wala sifa. Yule mzee wa kwanza hakukubali. Wengine walipoweka sahihi, yeye hakuweka. Tuliandika hilo pia, pamoja na maneno yake yote, kwa kuwa yeye naye ni mmoja wa watu wa habari hii.

Wasomaji wapendwa, mwaka wa 2016 sehemu hii ya nchi ilitengwa na Mbeya ikawa mkoa wa Songwe. Mipaka ya serikali yaweza kubadilishwa kwa siku moja, na ramani mpya ikachorwa. Lakini habari za watu hazichorwi ofisini. Hatuna chuo kikuu hapa Mbebe, wala nyumba ya kuwekea vitabu vya kale. Lakini kazi ya Sundkler ilianza kwa kuketi na mtu na kumwuliza, na kazi hiyo kila ajuaye kusoma na kuandika aiweza. Hata Luka, aliyeandika habari za Bwana wetu, aliuliza kwanza wale waliokuwapo.

Basi twawashauri walimu wenzetu na vijana wote waliosoma. Nunueni daftari moja gumu, si makaratasi yaliyotawanyika. Andikeni jina la msimulizi, na ukoo wake, na siku mliyozungumza naye. Msianze kwa kuuliza mwaka, maana wazee wengi hawahesabu kwa miaka. Ulizeni njaa ilikuwa ipi, nzige walikuja lini, daraja lilijengwa kabla au baada. Watu wawili wakisimulia jambo moja kwa njia mbili, ziandikeni zote mbili. Waulizeni wanawake, na muwaulize jikoni, si mbele ya baraza. Waulizeni waliotoka. Wala msiandike yale mnayotaka yawe kweli, bali yale mliyoambiwa. Mkiisha kuandika, wasomeeni waliowasimulia, ili waseme kama mmewasikia sawasawa.

Daftari letu sasa lina kurasa zaidi ya tisini, nalo lakaa katika sanduku la kanisa, juu ya mawe, mbali na mchwa. Majina tisa yamo. Jina la saba liko pale pale lilipokuwa, na kando yake limeandikwa jina la mkewe, aliyezijua herufi katika majivu kabla yake.